Jua Halina Swichi

Saa kumi na moja alfajiri basi linatutema jangwani,
watu thelathini na mmoja, chupa za chai thelathini na moja,
na ile baridi ya Atacama inayouma fizi
kana kwamba mchana haujawahi kupita hapa.
Ossandón anagonga kofia yake kwa kalamu:
"Safu ya arobaini na nne hadi hamsini.
Glavu. Miwani. Mita mkononi.
Eduvina, wewe utapima."

Miaka tisa nilifanya kazi za majumbani, Calama.
Mtu analalamika taa zinapepesa,
naenda kwenye swichi kubwa, tap,
giza, ndipo naanza.
Hapa giza halipo la kuomba.
Paneli ikitolewa tu kwenye boksi, ikauona mwanga,
imeshaamka, ina lake la kusema
hata kabla hujaionyesha wa kumwambia.
Unga thelathini, kichwa kwa mkia,
ni volti elfu moja na mia mbili
zisizonguruma, zisizonuka.
Afadhali mbwa, hubweka kwanza.

Nicanor Huenteo alitujia mwezi wa tatu
kutoka kisiwa cha huko kusini ambako, anasema,
nguo hukaukia juu ya jiko.
Ana vidole vyepesi kuliko vyangu.
Kiungo kikiingia sawasawa kinatoa mlio, klik,
naye huinamisha sikio kukisikiliza
kama fundi saa.
Ana binti wa siku kumi na mbili.
Amemwona kwenye simu tu, amelala,
kioo cha simu kimepasuka juu ya shavu lake.

Saa saba mchana, safu ya arobaini na saba.
Nagusisha ncha za mita, nyekundu hapa, nyeusi pale.
Elfu moja mia moja na themanini.
Mbele yake, kistari.
Kistari kidogo, kama unyasi ulioanguka kwenye kioo.
Nikafuta kwa kidole cha glavu. Hakikufutika.

Chanya imevaa jina la hasi, hasi imevaa la chanya,
na kesho fyuzi zote zingewekwa,
safu hii ingesukumana na jirani zake
mpaka sanduku lishike moto.

Sikuita kwa sauti. Nilikwenda alipokaa, kwenye kivuli
chembamba cha paneli, nikampa mita.
"Soma."
Akasoma. Midomo yake ilikuwa myeupe
kwa mafuta ya kuzuia jua, ikazidi kuwa myeupe.
"Nilikuwa nawaza jina," akasema.
"Mke wangu anataka la mama yake. Mimi sijui."

Tukaikata safu vipande vipande, kiungo kwa kiungo,
joka likawa mijusi.
Kisha tukakata ncha zilizokosewa, tukazifunga upya,
jasho likikauka kabla halijafika kidevuni,
wala hatukusema tena habari za majina.
Klik. Akainamisha sikio. Klik.
Nikapima. Kistari hakipo.

Kwenye daftari niliandika: *47, imerekebishwa.*
Pana sehemu ya kuandika nani alikosea.
Niliiacha wazi, kama cheti cha yule mtoto.
Sijui kama nilifanya vyema. Ossandón
aliitazama ile nafasi tupu muda mrefu, akageuza ukurasa.

Jumapili nampigia mama, kijijini, juu milimani.
Nyaya nene zinapita juu ya zizi lake la llama
na hazishuki.
"Hilo jua mnalolifunga humo," ananiuliza, "linakwenda wapi?"
"Kusini, mama."
"Na huko hawana lao?"
"Wana mvua."
Anacheka, anakohoa, anatafuta kiberiti;
nasikia njiti ya kwanza ikikataa.

Labda usiku huu, kwenye kisiwa kile,
mwanamke amewasha taa ya chumbani
ili aone anachokifanya, nepi moja, pini mbili,
na mtoto asiye na jina
anakunja uso kwa mwanga.